Kushangilia Kifo cha Adui: Neno la Askari Mzee

(Hotuba iliyotolewa katika mkutano wa ukoo wetu na mmoja wa wazee, askari mstaafu wa vita vya Kagera. Kamati imeichapa kwa manufaa ya ndugu ambao hawakujaaliwa kuhudhuria.)

Ndugu Mwenyekiti, wazee wangu, kaka na dada zangu, wanangu na wajukuu zangu mliokuja kutoka Maskati, Dubai, Jeddah, Toronto, Columbus na miji mbalimbali ya hapa Uingereza:

Nimetakiwa nijibu swali ambalo vijana wetu waliliandika katika barua zao kabla ya mkutano huu: je, ni uungwana mtu kushangilia kifo cha adui yake? Swali hili halikuzuka bure. Vijana wanakumbuka walivyoona katika televisheni watu wakicheza mabarabarani mjini Washington mwezi wa Mei 2011, usiku ilipotangazwa kuwa Osama bin Laden ameuawa. Mwezi wa Oktoba mwaka huo huo wakaona maiti ya Muammar Gaddafi ikizungukwa na watu wenye kuipiga picha, mithili ya mawindo. Wakajiuliza: mzee wetu huyu alipigana vita vya kweli, yeye anasemaje?

Mimi si mwanachuoni wala si mwanasiasa. Nilikuwa askari wa kawaida wa Jeshi la Wananchi wa Tanzania, na vita ninavyovijua ni kimoja. Kwa hiyo nitajibu kwa vita hivyo, na kwa adui tuliyekuwa naye, yaani Idi Amin.

Wengi wenu mlizaliwa baada ya vita hivyo, tena ugenini, basi hapana budi nieleze kwa ufupi. Amin alitwaa utawala wa Uganda tarehe 25 Januari 1971 kwa kumpindua Milton Obote. Mwaka 1972 aliwafukuza Waasia waliokuwa wakiishi huko na kuwapa siku 90 wawe wameondoka. Maelfu yao walikuja katika nchi hii tuliyomo, na baadhi yenu mmesoma nao na kufanya kazi nao. Mwezi wa Februari 1977 aliuawa Askofu Mkuu Janani Luwum. Waliouawa katika miaka minane ya utawala ule hawakuhesabiwa na mtu. Makadirio mengi ni kati ya watu 100,000 na 300,000, na yako yanayozidi hapo.

Mwishoni mwa Oktoba 1978 majeshi yake yalivuka mpaka, yakaiteka ardhi yetu iliyo kaskazini ya Mto Kagera, na yeye akatangaza kwamba ardhi hiyo sasa ni ya Uganda. Daraja la Kyaka likavunjwa. Nyumba zikachomwa moto, ng'ombe wakaswagwa kupelekwa ng'ambo, kiwanda cha sukari kikaporwa, wanawake wakatekwa. Raia wapatao 1,500 wakadiriwa kuwa waliuawa. Tarehe 2 Novemba Mwalimu Nyerere alilihutubia taifa, akatuambia kwamba sababu ya kumpiga adui tunayo, nia tunayo na uwezo tunao. Jeshi likapanuliwa kwa haraka. Makumi ya maelfu ya mgambo, vijana kwa watu wazima, wakaacha majembe na ofisi wakashika bunduki. Mimi nilikuwa na umri wa miaka 22.

Tuliwatoa wavamizi katika ardhi yetu kabla mwaka haujaisha. Mwezi wa Januari 1979 tukavuka mpaka na kuuteka mji wa Mutukula, Februari tukauteka Masaka, Machi tukapigana Lukaya, na tarehe 11 Aprili Kampala ikawa mikononi mwetu. Watu wa Kampala walitoka majumbani wakatukumbatia. Walipiga vigelegele, walicheza, walilia. Nasi tulicheza nao, na hadi leo sioni aibu kwa kucheza kule.

Hapa ndipo jibu langu linapoanzia. Kuna mambo mawili ambayo watu huyachanganya: kushindwa kwa adui na kufa kwa adui. Kushindwa kwake ni kukomeshwa kwa dhulma. Siku ile ya Aprili mlango wa gereza ulifunguliwa, na mke aliyekuwa akimngoja mumewe kwa hofu kila jioni akaweza kulala. Furaha ya namna hiyo ni shukrani, na mwenye kuikataza hajui maana ya kuonewa. Na tambueni kwamba siku ile tuliposherehekea, Amin alikuwa hai. Alikuwa amekwisha kimbia. Hakuna aliyehitaji maiti yake ili apate furaha yake.

Baada ya kukimbia, Amin alikwenda Libya, na hatimaye akapewa hifadhi Saudi Arabia. Aliishi Jeddah miaka mingi kama mzee yeyote mwenye nyumba na wajukuu. Ndugu zetu wa Jeddah mliokuwapo miaka hiyo mliishi naye mji mmoja. Alifariki huko hospitalini tarehe 16 Agosti 2003, akazikwa huko huko. Siku hiyo nilipigiwa simu kutoka pande nyingi. Mmoja alisema, "Hongera mzee, adui yako amekufa!" Nikamwuliza: mwanangu, wanipongeza kwa lipi? Mimi sikumwua. Hakuna aliyemwua. Amekufa kwa maradhi, juu ya kitanda, kama nitakavyokufa mimi nikijaaliwa.

Lifikirini jambo hili. Mwalimu Nyerere, aliyeshinda vita vile, alifariki hospitalini hapa London tarehe 14 Oktoba 1999. Amin, aliyeshindwa, alifariki Jeddah chini ya miaka minne baadaye. Wote wawili walimalizia pumzi zao katika hospitali za ugenini, mbali na nchi walizozaliwa. Ikiwa kufa ni kushindwa, basi Mwalimu alishindwa kwanza. La hasha! Kifo hakimhukumu mtu. Humpitia mwema na mwovu kwa mlango mmoja, na mwenye kukishangilia kwa jirani yake amesahau kwamba naye yumo katika foleni.

Aidha, kifo kile kilikuwa hasara kwetu. Tangu 1979 hadi 2003 ni miaka 24, na katika miaka yote hiyo Amin hakusimamishwa mbele ya hakimu hata siku moja. Alipokuwa mahututi, jamaa zake walitaka arudishwe Uganda, na serikali ya huko ikajibu kwamba akirudi hai atajibu makosa yake. Hakurudi. Mjane wa Kampala aliyetaka kuulizia mumewe alitupwa wapi, hakupata wa kumwuliza. Wazee wa Kagera waliotaka kusikia mbele ya mahakama ni nani aliyetoa amri, hawakusikia. Kesi ilizikwa pamoja na mshtakiwa. Mwenye kushangilia siku ile alikuwa akishangilia kufungwa kwa faili ambalo halijasomwa.

Sasa niseme juu ya wale tuliowaua kwa mikono yetu, maana vijana wengi hudhani kwamba askari hufurahi adui anapoanguka. Nitawapa mfano wa Lukaya. Lukaya ni mji mdogo katika barabara ya kutoka Masaka kwenda Kampala, na barabara hiyo hupita katikati ya kinamasi. Hapo tulikutana na majeshi ya Amin pamoja na Walibya aliopelekewa na Gaddafi kumsaidia. Jioni ya tarehe 10 Machi walitupiga kwa vifaru na kwa maroketi, na brigedi iliyokuwa mbele ikarudi nyuma kwa vurugu. Alfajiri ya tarehe 11 brigedi nyingine ya kwetu, iliyokuwa imezunguka usiku kucha, iliwatokea kutoka upande wa pili. Kulipopambazuka vizuri, mapigano yalikuwa yamekwisha, na barabarani walilala mamia ya watu, Waganda na Walibya.

Wengi wa Walibya wale hawakuwa askari wa kazi. Walikuwa wanamgambo wenye mafunzo haba, waliotolewa katika shughuli zao na kupelekwa katika nchi wasiyoijua. Tulipokuwa tukikusanya silaha na karatasi, mwenzangu mmoja alinipa barua iliyotoka katika mfuko wa shati la marehemu mmoja, akijua kwamba nilisoma chuoni utotoni. Kiarabu changu kilikuwa cha msahafu tu. Niliitambua bismillahi ya juu, na chini yake neno la kumwita mama. Sikuweza kusoma zaidi, wala sikutaka. Tuliikabidhi pamoja na karatasi nyingine, tukaendelea na kazi. Hakuna aliyeimba pale, wanangu. Tulikuwa tumeshinda, na tulishukuru kwamba tu hai, lakini kinywa kilikuwa kikavu. Niliona baadaye kwamba wimbo hutungwa na walio mbali. Aliyepo kwenye maiti hushughulika na kuzika.

Na wakubwa wetu walilijua hilo. Tulipoizingira Kampala, Mwalimu aliamua barabara ya mashariki iendayo Jinja iachwe wazi ili Walibya waliosalia wapate njia ya kuondoka. Wangeweza kumalizwa wote. Kazi ya jeshi letu ilikuwa kumwondoa mdhalimu, na kazi hiyo ikiweza kukamilika bila kumwaga damu zaidi, basi damu isimwagike. Adui mwenye njia ya kukimbilia hupungua bila kuuawa. Huo ndio uungwana wa vita, ikiwa vita vyaweza kuwa na uungwana.

Lakini nisiwafiche, kwa kuwa ukweli ukisemwa nusu huwa uongo mzima. Majeshi yetu hayakuwa malaika. Tulipouteka Mutukula, wako waliokuwa wameona maiti za raia wetu kule Kagera, na hasira zao zikawatawala. Raia wa mji ule waliuawa, na nyumba zikasawazishwa na ardhi. Habari zilipomfikia Mwalimu zilimsikitisha sana, na amri ikatolewa kwamba raia wa Uganda na mali zao wasiguswe. Hata hivyo Masaka nao ulibomolewa vibaya. Basi jiulizeni: wale wa Mutukula walimkosea nani? Hawakuchoma nyumba hata moja ya Kagera. Kosa lao lilikuwa kuishi upande wa pili wa mstari.

Hapa ndipo hatari ya kushangilia mauti ilipo. Huanza kwa mtu mmoja aliyestahili lawama. Kisha huteremka kwa askari wake. Kisha kwa kabila lake. Kisha kwa watoto ambao hawakuwa wamezaliwa. Amin alitoka upande wa West Nile. Baada ya kuanguka kwake, katika miaka ya 1980 na 1981, watu wa sehemu hiyo waliuawa na kuchomewa makazi na askari wa jeshi jipya la Uganda, kwa sababu tu walihesabiwa kuwa watu wa Amin, na umati mkubwa ukakimbilia Zaire na Sudan. Waliowatendea hayo wengi wao walikuwa wamedhulumiwa na Amin kweli kweli. Aliyeonewa jana akawa mwonezi leo, na kila jina lililofutwa lilishangiliwa na mtu mahali fulani.

Najua kuna hoja ya kunijibu. Mtu atasema: "Mzee, wewe hukufiwa na mtoto. Mama wa Kagera aliyechinjiwa mwanawe mbele ya macho yake, nawe utamkataza kupiga kigelegele Amin anapokufa?" Hoja hii ni nzito, nami naiheshimu. Jibu langu ni kwamba simkatazi. Mfiwa ana haki yake, na kigelegele chake ni kilio kilichobadilisha sauti. Akicheka nitanyamaza mbele yake, na akilia nitanyamaza vile vile. Ninaosema nao ni sisi wengine ambao hatukufiwa, tunaokaa Leicester au Columbus, tukaazima maumivu ya mama yule ili tupate sababu ya kufanya karamu. Furaha ya kuazima haimpunguzii mfiwa mzigo wake hata kidogo.

Wengine watadai kwamba asiyeshangilia anamsafisha dhalimu. Hilo nalikataa kabisa. Desturi yetu yasema maiti asisemwe kwa ubaya, nayo ni desturi nzuri kwa jirani aliyekuwa na kasoro za kibinadamu. Lakini aliyetawala watu akawaua, matendo yake ni mali ya umma, nayo lazima yasemwe, yaandikwe na kufundishwa. Nami nimeyasema hapa leo bila kupunguza. Tofauti ni hii: mwenye kusimulia dhulma anawakumbuka waliodhulumiwa, mwenye kucheza juu ya kaburi anamkumbuka dhalimu peke yake. Kule Kaboya, katika Wilaya ya Muleba, wamelala mamia ya askari wenzetu waliokufa katika vita vile. Kila tarehe 25 Julai Watanzania huwakumbuka mashujaa. Siku hiyo huwekwa silaha za jadi na mashada ya maua, watu husimama kimya, na dua husomwa. Huko ndiko ninakopeleka moyo wangu. Tarehe ya kufa kwa Amin sina haja nayo katika kalenda yangu.

Wala sizungumzi jambo geni kwa watu wa mila na dini yetu. Wazee wetu wa pwani, jeneza lilipopita barabarani, walisimama, wakaacha biashara na maongezi, wala hawakuuliza kwanza ni la nani. Tumesimuliwa na masheikh wetu kwamba Mtume mwenyewe alisimama jeneza lilipopita, na alipoambiwa kuwa marehemu si Mwislamu, aliwakumbusha waliokuwapo kwamba huyo naye ni nafsi. Basi tuliyoyarithi ni hayo. Ukoo unaweza kupoteza mashamba na nyumba kwa kuhama, kama tulivyopoteza, ukabaki kuwa ukoo. Ukipoteza adabu ya kusimama, hubaki majina tu katika daftari.

Ndugu Mwenyekiti, naomba sasa niyalete maneno haya nyumbani, kwa kuwa bila hivyo yatakuwa mawaidha ya hewani. Katika ukoo wetu leo yumo binti, mke wa mjukuu wetu, ambaye asili yake ni Arua. Babu yake alikuwa askari katika jeshi la Amin. Alitoka nyumbani mwanzoni mwa mwaka 1979, hakurudi, na kaburi lake halikuonekana. Katika mkutano wetu uliopita vijana wachache, pasi na kujua, walikuwa mezani wakifanya mzaha juu ya Amin na jinsi askari wake walivyokufa kama kumbikumbi. Binti yule aliinuka taratibu akaenda jikoni, akabaki huko mpaka watu walipotawanyika. Baadaye nilizungumza naye. Hakumtetea Amin kwa neno moja. Aliniambia tu kwamba bibi yake aliweka sahani ya mumewe mezani kwa miaka saba.

Huenda mimi na babu yule tulikuwa Lukaya siku moja, kila mtu upande wake. Angeweza kuniua, nami ningeweza kumwua, na kila mmoja wetu angekuwa ametii amri. Leo vitukuu vyake ni vitukuu vyangu. Wamekaa pale mbele, wanakula biskuti, hawana habari na hotuba. Damu zile mbili zimekutana katika watoto hawa bila kutuomba ruhusa. Je, tutawafundisha kushangilia kifo cha nusu yao?

Kwa hiyo vijana wangu, mliouliza swali, jibu langu ni hili. Dhulma ikikoma, furahini waziwazi, pigeni ngoma mkitaka. Dhalimu akifa, nyamazeni kidogo, mtamke mnayotamka kwa kila maiti, kisha muulize waliodhulumiwa wanahitaji nini, maana haja zao hazikuzikwa pamoja naye. Na kila mtakaposikia watu wakishangilia mauti, tazameni ni nani katika chumba hicho aliyeinuka akaenda jikoni. Mfuateni huyo.

Namalizia kwa ombi moja kwa Kamati. Kila mkutano tunasoma orodha ya marehemu wa ukoo na kuwaombea dua, na orodha hiyo huchapwa katika kijitabu hiki. Naomba kuanzia mwaka huu jina la babu wa mkwe wetu liandikwe humo, kwa ukamilifu wake, pamoja na kaka yangu na baba zangu. Mumewe na mama mkwe wake wameridhia, na yeye mwenyewe amenipa jina hilo kwa mkono wake. Kama yupo anayeona uzito kusoma jina la askari wa Amin, basi jina hilo nitalisoma mimi niliyepigana naye.